Kiwanda cha betri kinakuja jirani: je, niache kazi yangu nikawahi nafasi?

Swali: Ni mwaka wa saba sasa naendesha mashine kwenye kiwanda kinachochapisha mifuko ya plastiki. Kwenye eneo letu hilihili la viwanda wametangaza kujenga kiwanda cha betri za litiamu, na wanasema kitaleta ajira 3,000. Wenzangu wawili wameshaacha kazi wakaingia kwenye ujenzi. Na mimi niache? Nisomee nini ili nipate nafasi? Nasikia pia kazi zote zitachukuliwa na wageni. Na mama yangu hataki hata kulisikia jambo hili, anasema betri ni sumu na zitaniharibia uzazi. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, usiache kazi. Angalau si sasa hivi. Kazi itakayokufaa kwa miaka ndani ya kiwanda hicho haijatangazwa bado. Siku itakapotangazwa, kitakachokutanguliza mbele ya wengine ni hiyohiyo mashine unayotaka kuikimbia. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza tuichambue hiyo 3,000.

Hesabu za namna hii husomwa kwenye jukwaa siku ya kuweka jiwe la msingi, na mara nyingi zimechanganya watu wasiofanana. Wa kwanza ni wajenzi: wamwaga zege, wachomeleaji, vibarua. Hao ni wengi, huja kwa mkupuo, na paa likishaezekwa wengi wao huondoka. Wa pili ni wafunga mitambo, ambao hukaa miezi kadhaa. Wa tatu ndio watakaobaki humo kuzalisha zamu baada ya zamu. Juu ya hapo wapo wanaohesabu hata madereva, walinzi na wapishi wa kantini ambao hawatakuwa waajiriwa wa kiwanda. Kwa hiyo ukipata nafasi kwenye mkutano wa wananchi, uliza hivi: kati ya hao 3,000, wangapi watasaini mkataba na kampuni yenyewe, na mwaka gani?

Uliza la pili pia: watatengeneza seli, yaani zile betri ndogondogo zinazohifadhi umeme ndani ya betri kubwa, au wataunganisha tu? Watu wengi hawajui kwamba kiwanda kinachoagiza seli kutoka nje, kikazipanga kwenye boksi na kuziunganisha kwa nyaya, nacho huitwa kiwanda cha betri. Si kazi mbaya, lakini inahitaji watu wachache na ujuzi wake hujifunzwa upesi. Cha seli ni mtambo mkubwa na mgumu zaidi, na hapo ndipo penye ajira ya maelfu.

Wakijibu kwamba ni cha seli, waulize uwezo wake kwa mwaka katika gigawati-saa, yaani jumla ya umeme ambao betri zitakazotengenezwa mwaka mzima zinaweza kuhifadhi. Kipimo hicho ndicho kitakachokuonyesha kama idadi ya ajira ina mantiki. Kampuni ya CATL ya China ilipojenga karibu na Arnstadt, Ujerumani, mpango ulikuwa gigawati-saa 14 na watu 2,000. Panasonic kule De Soto, jimbo la Kansas, Marekani, ilipanga takribani gigawati-saa 32 na watu hadi 4,000. Ukigawanya, unapata kama watu 125 hadi 143 kwa kila gigawati-saa moja, na hizo nazo ni ahadi za siku ambayo kila mstari utakuwa unafanya kazi kikamilifu. Basi wenu wakisema gigawati-saa 20, 3,000 inaingia akilini. Wakisema tano, kuna mtu kaongeza chumvi.

Hata hesabu nzuri inaweza isitimie. Britishvolt iliahidi ajira 3,000, ndiyo, 3,000 kama yenu, katika kiwanda cha pauni bilioni 3.8 huko Blyth, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Januari 2023 kampuni ikafilisika kabla kiwanda hakijasimama. Northvolt ya Sweden ilifika mbali zaidi. Ilijenga kweli huko Skellefteå, ikatoa seli ya kwanza mwishoni mwa 2021, ikaajiri maelfu, na watu wakahamia mji huo kutoka pande nyingi za dunia. Juni 2024 BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2, na Machi 2025 Northvolt ikatangaza kufilisika nchini mwake. Fikiria aliyekuwa amenunua nyumba pale kwa kutegemea mshahara ule.

Northvolt ilikuwa na oda, tena nyingi. Kilichoishinda ni kutoa seli nzuri za kutosha kwa wakati. Hapo ndipo unapoingia wewe.

Acha nikupitishe ndani. Seli huanza kama rojo zito jeusi. Kwa upande hasi ni unga wa grafiti. Kwa upande chanya ni ama chuma na fosfati, ama mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti, kutegemea aina ya betri. Unga huo huchanganywa na gundi na kimiminika, kisha hupakwa juu ya foili: ya shaba kwa upande hasi, ya alumini kwa upande chanya. Foili ya shaba ina unene wa kama maikroni 6 hadi 10. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo mara kadhaa. Foili hii hutoka kwenye jora moja, hupita chini ya kichwa cha kupaka, huingia kwenye tanuri lenye urefu wa makumi ya mita ili ikauke, kisha hujiviringa kwenye jora jingine upande wa pili. Baada ya hapo inabanwa na rola nzito, inakatwa vipande vyembamba kwa urefu wake, na kukaushwa tena.

Sasa niambie, nani mtaani kwenu anajua la kufanya pale utando mwembamba unaokimbia kwenye rola unapoanza kujikunja upande mmoja? Nani anajua kwamba tatizo linaweza kuwa rola iliyokaa upande, au breki ya jora inayovuta kupita kiasi, au jora lenyewe lililoviringwa vibaya huko lilikotoka? Nani anasikia mlio wa mashine ukibadilika akaipunguza kasi kabla utando haujakatika? Nani anajua kuunga jora jipya bila kupoteza mita mia za mali? Wewe unajua. Umefanya hivyo kwa wino na plastiki, na hapa ni rojo na shaba, lakini mikono ni ileile. Mwenye kutoka kwenye uchapishaji wa majora, kwenye karatasi, nguo au plastiki, anaelewa mstari wa kupaka haraka kuliko mhitimu asiyewahi kugusa rola. Nimefundisha makundi ya aina zote mbili, na sikuwahi kuona matokeo yakiwa kinyume.

Na mstari huo ndio wenye gharama kubwa ukikosewa. Rangi ikipishana kwenye mfuko, mteja atanung'unika. Safu ya rojo ikiwa nene kidogo ukingoni, au chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho ikinaswa ndani, seli inaweza kupita vipimo vya mwanzo, kisha baadaye chembe ile ikatoboa utando unaotenganisha pande mbili na seli ikajipiga shoti. Ndiyo maana seli zilizokamilika huchajiwa polepole mara ya kwanza, kisha huwekwa stoo kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki, zikiangaliwa ni ipi inayopoteza umeme yenyewe. Kiwanda kipya hutupa sehemu kubwa ya kinachotengeneza, na bei haikisubiri. Kwa hesabu ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa masoko ya nishati, bei ya wastani ya betri ya litiamu ilishuka kwa asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja hadi dola 115 kwa kilowati-saa mwaka 2024. Na zaidi ya robo tatu ya betri zinazouzwa duniani hutengenezwa China, na viwanda vilivyoshamaliza makosa yao ya utotoni. Mwendesha mashine anayepunguza mabovu ndiye anayeamua kama kiwanda kitafika mwaka wa tano.

Kwa hiyo, la kusomea. Vitachipuka vyuo vya kuuza cheti cha “teknolojia ya betri” cha miezi mitatu. Usipeleke pesa zako huko. Mambo ya seli yenyewe utafundishwa na kampuni, kwa sababu kila kampuni ina yake na huyaficha. Soma kile ambacho hawatakuwa na muda wa kukufundisha: umeme wa viwandani na matengenezo ya mitambo. Namaanisha mota na vidhibiti vyake, vihisio, mifumo ya hewa ya kubana, pampu za kuvuta hewa, na kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo, zile zinazoitwa PLC. Kozi ya jioni kwenye chuo cha ufundi chenye sifa, huku ukiendelea na kazi, inatosha kuanzia. Kama hesabu zinakupendeza kuliko spana, elekea ubora: kupima unene, kusoma grafu, kuona mwelekeo unaharibika kabla haujavuka mpaka. Idara hiyo huwa na watu wengi kwenye kiwanda cha seli kuliko unavyodhani.

Kisha fanya jambo ambalo halina ada. Nunua daftari. Kila hitilafu unayokutana nayo kwenye mashine yako, andika tarehe, ilivyoonekana, chanzo, ulichofanya, na mali iliyopotea au kuokolewa. Siku ya usaili wengine watasema “nina uzoefu wa miaka saba”. Wewe utafungua daftari. Mimi ningekuajiri kabla sijafika ukurasa wa tatu.

Kuhusu wageni: ndiyo, watakuja, hasa wakati wa kufunga mitambo. Mashine hizi nyingi hutengenezwa China, Korea Kusini na Japani, na mwenye kuijua ni aliyeiunda. Hata Marekani hawakulikwepa hilo. Septemba 2025 maofisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Ellabell, jimbo la Georgia, wakakamata watu 475. Zaidi ya 300 walikuwa Wakorea, na wengi wao walikwenda kufunga na kuwasha mitambo. Baada ya uvamizi huo, Hyundai ilisema kazi itachelewa kwa angalau miezi miwili au mitatu. Nchi yenye viwanda vingi kiasi kile haikuwa na wa kuziba pengo lile mara moja. Kwa hiyo mgeni anayefunga mtambo si wa kugombana naye. Cha kudai, wewe na viongozi wenu, ni kwamba kila fundi mgeni awe na mwenyeji pembeni yake tangu boksi linapofunguliwa. Anayeona mtambo ukifungwa anaujua kuliko anayekabidhiwa ukiwa tayari unazunguka. Ukisikia nafasi ya namna hiyo, hata kwa mkataba mfupi, hiyo ndiyo ningeifikiria kwa uzito. Ya zege, hapana.

Mshahara nao usiuchukulie kwamba utakuwa mzuri kwa sababu kiwanda ni kipya na kinang'aa. Kule Lordstown, jimbo la Ohio, Marekani, General Motors ilifunga kiwanda chake cha magari mwaka 2019. Jirani yake kikajengwa cha betri cha Ultium Cells, kikaanza uzalishaji 2022 kwa mshahara wa kuanzia wa dola 16.50 kwa saa, pungufu sana ya waliyokuwa wakilipwa wenzao wa magari. Desemba mwaka huo wafanyakazi wakapiga kura kujiunga na UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari: 710 walikubali, 16 walikataa. Kwa mkataba wa 2024 mshahara wa kuanzia ukapanda hadi zaidi ya dola 26. Mtambo haukubadilika wala bidhaa haikubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyekaa mezani. Kwa hiyo kabla ya kuvutwa na jina la kampuni, linganisha malipo ya zamu ya usiku, bima, usafiri na likizo na unavyopata sasa, kwa karatasi na kalamu.

Mama yako. Usimbishie haraka, kwa sababu ana hoja, ila huenda anafikiria betri nyingine. Betri za kawaida za kuwashia magari zina risasi, na risasi ni sumu kweli. Huingia mwilini kwa vumbi na moshi, hujificha kwenye mifupa, hupita kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kingekuwa kiwanda cha betri hizo, au cha kuyeyusha zilizochakaa, ningekuambia umsikilize mama hadi uone kwa macho yako mabafu, nguo za kazi zisizotoka getini, na vipimo vya damu vya mara kwa mara.

Betri ya litiamu haina risasi, lakini ina yake, na moja linakuhusu moja kwa moja. Rojo la upande chanya mara nyingi huyeyushwa kwa kimiminika kinachoitwa NMP. Umoja wa Ulaya umekiweka kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru mtoto tumboni, na hupenya kwenye ngozi. Kikidhibitiwa vizuri, kwa mvuke kufyonzwa, glavu sahihi na mitambo iliyofungwa, watu hufanya kazi miaka. Lakini mwanamke mwenye mimba au anayeipanga hapaswi kuwa kwenye kuchanganya au kupaka upande huo. Uliza mapema, kwenye usaili kabisa, utaratibu wa kumhamisha mfanyakazi idara bila kupunguziwa mshahara ni upi. Upande hasi kwa kawaida hutumia maji, na mstari wake ni uleule wa majora, kwa hiyo ujuzi wako haupotei. Unga wa nikeli na kobalti nao si wa kuvuta puani. Wakitumia chuma na fosfati, hilo linaondoka.

Kuna pia chumba kikavu, ambako seli hujazwa elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha chaji kati ya pande mbili za seli. Hewa yake hukaushwa kiasi kwamba umande hauwezi kutokea hadi baridi ishuke chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu elektroliti ikikutana na unyevu hutoa asidi ya hidrofloriki, inayoharibu seli na mtu pia. Humo unavaa vazi la kukufunika mwili mzima, idadi ya watu inahesabiwa kwa kuwa hata pumzi zenu ni unyevu, midomo hupasuka na macho huwasha. Wanaozoea huzoea. Kama una pumu au ugonjwa wa ngozi, sema kabla hujapangiwa.

Hatari inayonikosesha usingizi mimi ni moto. Tarehe 24 Juni 2024, kiwanda cha Aricell huko Hwaseong, Korea Kusini, kilichotengeneza betri za litiamu zisizochajiwa, kiliwaka. Betri 35,000 zilikuwa zimehifadhiwa mle. Watu 23 walikufa, wengi wao vibarua walioletwa na wakala, wageni wa nchi, ambao hawakuwa wamefundishwa njia za kutokea. Moto wa betri hausubiri mtu aulize mlango uko wapi. Kwa sababu hiyo mimi hutenganisha kazi nzuri na mbaya kwa swali moja: mkataba wangu unasainiwa na kiwanda au na wakala? Kibarua wa wakala ndiye anayefundishwa kidogo zaidi, na huwekwa popote palipo na pengo siku hiyo. Ukiingia siku ya kwanza, kwa mkataba wowote ule, tembea mwenyewe hadi milango miwili ya dharura iliyo karibu nawe na uisukume uone kama inafunguka.

Sasa muda. Tangazo lako ni lile litakalosema “waendesha mashine wa kupaka” au “mafundi wa matengenezo”, na kwa kawaida hutoka miezi kadhaa kabla uzalishaji haujaanza, kwa sababu kundi la kwanza hupelekwa kufundishwa kwenye kiwanda mama. Kundi hilo ndilo linalotoa viongozi wa zamu baadaye, kwa hiyo ukilikosa umekosa ngazi moja. Omba hapo. Barua ya kuacha kazi iandike ukiwa na mkataba mkononi uliosainiwa, wenye jina la kampuni, idara, mshahara na tarehe ya kuanza. Ahadi ya simu haihesabiki, hata ikitoka kwa meneja. Wakikwambia uanze kesho nawe una notisi ya mwezi mmoja, waambie hivyo wazi. Anayetafuta mtu wa kusimamia mstari wa kupaka ataweza kumsubiri kwa mwezi, na asipoweza, muulize kwa nini ana haraka hivyo.